Kompyuta ya michezo: Kwa nini skrini ichaguliwe kabla ya kadi ya michoro?

Kijana anayejiwekea akiba ili aunde kompyuta ya michezo ya video, awe Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma, hununua mara moja na kuishi na uamuzi wake kwa miaka kadhaa. Kifaa kilichoagizwa kutoka Dubai hakirudishwi kwa urahisi kikionekana hakifai. Kwa sababu hiyo, utaratibu wa kuchagua vifaa una uzito kuliko sifa za kifaa chochote kimoja.

Hali ya soko imeongeza ugumu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025, bei ya kumbukumbu za RAM imepanda mno duniani. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo hutengenezwa na kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni hizo zimeelekeza nguvu zao kwenye mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba. Mwezi Desemba 2025, Micron ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ya kuwauzia wateja wa kawaida. Katika soko la namna hii, kosa la uchaguzi lina gharama kubwa kuliko zamani.

Skrini ndiyo inayopanga kazi

Wanunuzi wengi huanza na kadi ya michoro, na fedha inayobaki ndiyo huenda kwenye skrini. Njia iliyo salama zaidi ni kinyume cha hiyo, kwa kuwa skrini ndiyo inayoamua kompyuta nzima itafanya kazi kiasi gani.

Picha ya skrini huundwa na nukta ndogo ziitwazo pikseli. Skrini ya kawaida yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina jumla ya nukta milioni 2 hivi. Yenye 2560 kwa 1440 ina nukta karibu milioni 3.7, na ile ya 4K ina zaidi ya milioni 8, yaani mara nne ya ile ya kwanza.

Jambo la pili ni mara ngapi picha hubadilishwa kwa sekunde moja, kipimo kinachoitwa hezi. Skrini ya hezi 60 huonyesha picha 60 kwa sekunde. Ya hezi 144 huonyesha 144. Ukizidisha pikseli kwa hezi utaona tofauti ilivyo kubwa: skrini ya 1080 yenye hezi 60 huhitaji pikseli milioni 124 hivi kila sekunde, ilhali ya 1440 yenye hezi 144 huhitaji takriban milioni 531. Ni kazi iliyozidi mara nne, na anayeifanya ni kadi ya michoro.

Kwa hiyo, aliyenunua kadi yenye uwezo wa kutoa picha 200 kwa sekunde akaiunganisha na skrini ya hezi 60, amelipia picha 140 ambazo macho yake hayatazipata. Naye aliyenunua skrini ya 4K kwa kadi ya bei ya chini ataona mchezo ukikwama.

Kwa bajeti ndogo, skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 na hezi 144 ni chaguo la busara. Kwa bajeti ya kati, inchi 27 zenye 2560 kwa 1440 hutoa picha safi zaidi. Paneli ya IPS huonyesha rangi vizuri hata ukiitazama kwa upande. Ya VA ina weusi uliokolea, ingawa baadhi yake huacha kivuli nyuma ya vitu vinavyokwenda kasi. Hakikisha pia skrini ina FreeSync au G-Sync, teknolojia zinazoifanya iende sambamba na mwendo wa kadi ili picha isikatike katikati.

Kadi ya michoro ilingane na skrini

Baada ya skrini kujulikana, kadi huchaguliwa kwa kuitimizia mahitaji yake. Angalia zaidi kumbukumbu iliyo ndani ya kadi yenyewe. Gigabaiti 8 bado zinatosha kwa michezo mingi kwenye skrini ya 1080, lakini baadhi ya michezo mipya huzijaza haraka, na kwa skrini ya 1440 ni afadhali kuanzia 12.

Mfano ni Arc B580 ya Intel, iliyotoka Desemba 2024 ikiwa na gigabaiti 12 kwa bei iliyotangazwa Marekani ya dola 249. RX 9060 XT ya AMD, ya mwaka 2025, huuzwa kwa namna mbili, ya gigabaiti 8 na ya 16. Jina ni moja na makasha yanafanana, hivyo soma namba kabla ya kulipa.

Prosesa, ubao mama na RAM

Vitu hivi vitatu huchaguliwa kwa pamoja kwa sababu lazima vikubaliane. Prosesa za AMD zinazotumia soketi ya AM5 hukubali RAM ya DDR5 pekee. Zile za AM4 hutumia DDR4. RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, hata kwa nguvu.

Prosesa yenye viini sita, kama vile Ryzen 5 7600, inatosha kwa wachezaji wengi. Michezo ya mashindano kama Counter-Strike 2 huitegemea sana prosesa, ilhali michezo yenye mandhari nzito kama Cyberpunk 2077 huilemea zaidi kadi ya michoro. Kwa prosesa za Intel, herufi F mwishoni mwa jina humaanisha haina uwezo wa kutoa picha bila kadi.

Kuhusu RAM, vipande viwili vya gigabaiti 8 hufanya kazi kwa kasi kuliko kipande kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa huvisoma vyote kwa wakati mmoja.

Rahisi ghali

Pawa saplai haiongezi picha hata moja, ndiyo maana hupuuzwa. Hata hivyo, ndiyo inayogawa umeme kwa kila kifaa, na ya bei ya kutupa ikiungua inaweza kuondoka na kadi pamoja na ubao mama. Kadi ya RTX 5060 ya Nvidia hutumia hadi wati 145. Pawa saplai nzuri ya wati 550 hutosha kwayo pamoja na prosesa ya kawaida.

Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, UPS ni sehemu ya bajeti. Namba ya VA iliyoandikwa juu yake si wati: yenye VA 650 mara nyingi hubeba chini ya wati 400. Kazi yake ni kukupa dakika za kuzima kompyuta kwa utaratibu, si za kumalizia mchezo.

Tahadhari ya mtumba

Kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu za kidijitali ziliingia sokoni baada ya Ethereum kuachana na uchimbaji wa aina hiyo Septemba 2022. Nyingine ni kadi za zamani zilizobadilishwa ili zijitambulishe kwa jina la toleo jipya. Programu ya bure ya GPU-Z hubaini nyingi za bandia hizo. Omba kadi ichezeshwe mchezo mzito kwa nusu saa mbele yako, usikilize feni na utazame joto lake.

Baada ya kuunganisha

Waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama. Kisha fungua mipangilio ya skrini katika Windows na uchague hezi zilizoandikwa kwenye kasha, kwa kuwa mara nyingi skrini ya hezi 144 huanza kazi ikiwa kwenye 60. Asiyefanya hivyo anaweza kutumia mwaka mzima bila kuipata kasi aliyoigharamia.