Friday ni ya Mashine, Sato ni ya Maik

Ka wewe ni msee wa Nairo, unajua vile huwa November ikiisha. Ukishika simu tu, ni posta ya bash juu ya posta ya bash. Klabu kadhaa za Westi zimeseti wikendi hivi: Friday ni usiku wa elektroniki, house na tekno mpaka che, alafu Sato wanaachilia hip-hop, dril na arbantone. Klabu ni ile ile, spika ni zile zile, baunsa ni yule yule na shingo yake. Lakini mbogi za hizo siku mbili ni ka hazijawahi patana. Wa Friday wamekam na nguo nyeusi, miwani ya jua saa sita usiku. Wa Sato wamepiga luku, njumu safi mpaka unaogopa kupita karibu.

Mi nasema huo mgawanyo ni wa mlango. Kwa ngoma zenyewe, hauna kichwa hauna miguu.

Cheki hesabu. House hutembea kedo midundo 120 hadi 128 kwa dakika. Dril iko karibu 140. Hapo katikati si mbali, na deejay mwenye anajijua hupanda pole pole bila msee kushtuka. Kuna dem nilimcheki akifanya hiyo maneno Friday moja, saa tisa usiku. Amebana hedifoni na bega, mkono mmoja umeshika kinobu ya besi. Akaizungusha mpaka besi ikapotea kabisa, ikabaki hi-hati tu ikikwaruza. Wasee wa miwani wakainua vichwa, ni ka stima inaenda kupotea. Alafu akairudisha, na juu yake ni dril ya Buruklyn Boyz. Kitu sekunde mbili hivi hakuna mtu alijua afanye nini na mikono. Ya tatu, hao wa tekno walikuwa wanaimba neno kwa neno! Kumbe wanazijua zote, ni vile tu hawangetaka kuonekana huko Sato.

Na si maajabu, juu hizi ngoma ni za boma moja. House ilipikwa Chicago, kwa klabu inaitwa Warehouse, Frankie Knuckles akiwa kwa deki. Dril nayo ilitoka Chicago hiyo hiyo, South Side, kedo miaka 30 baadaye, ikapitia London ikaongezwa besi ya kuteleza ndio ikafika Buru. Album ya Buruklyn Boyz ya 2022 inaitwa East Mpaka London, hawakuficha. Hata ile mashine ya Roland 808 ya 1980 imelisha pande zote mbili: hip-hop ilichukua kick yake, tekno pia ikachukua.

Hapa kwetu risto ni ndefu pia. Wasee wa kitambo watakushow vile klabu ya F2 pale Moi Avenue ilikuwa na jamu za Sunday mchana, mayut wa mtaa wanapanda na maik kujaribu bahati. Wasee wa rap wa Kalamashaka wakatoka Dandora wakaweka Sheng kwa ramani. Pande ya mashine, chukua Slikback. Huyo ni prodyusa wa Kenya, lakini Lasakaneku ya 2018 ilitokea Hakuna Kulala, lebo ya Kampala. Ndani kuna trap, kuna tekno, kuna fujo. Sasa niambie, huyo utamweka Friday ama Sato?

Ngori yenyewe iko kwa geti. Usiku wa elektro kiingilio kinaweza gonga thao mbili, na ukikam na slides na hudi baunsa anakwambia leo ni ya wageni maalum. Hiyo imenifanyikia, na nyuma yangu mzungu wa kaptura na sandals akapita akipigiwa saluti. Ilinichoma. Juu ukweli ni, ka kuna msee ako na digrii ya besi hii tao ni mtoi wa Umo ama Ronga, mwenye amepanda nganya tangu primo na wufa inamtetemesha mbavu kabla hata ya paredi ya asubuhi. Huyo hahitaji kufunzwa na mtu vile sabu inafaa kugonga.

Lakini form ni form, so wacha nikupee rada.

Fika mapema. Saa nne usiku kiingilio huwa bado kiko chini na yule deejay wa kwanza, mwenye jina lake liko chini ya posta na herufi za sisimizi, ndio hucheza bila presha. Wengi wao ni wakali kuliko yule mgeni wa juu, na watakuchezea vitu hutasikia saa saba. Usisimame mbele ya spika ati ndio ushujaa, maskio hayauzwi Gikomba. Simama katikati, nyuma kidogo, usawa na deki, hapo ndio sauti hukutana.

Kinywaji chako kaa nacho mkononi. Ukienda choo, kimalize ama ukiache kabisa, ununue kingine. Mchele bado inawekewa wasee, na haichagui dem ama jamaa.

Kurudi keja ndio noma. Saa tisa, kila simu Westi inaitisha cab na bei inapanda ka lifti. Vuka barabara, manga smokie na kachumbari, piga risto na hao wasee wa boda. Ikifika kumi na nusu bei inashuka, na by saa kumi na moja mat za tao zishaanza kubeba. Keti nyuma, karibu na wufa.