Kopo la bibi na kamera ya mkono wa pili

Siku tatu baada ya arobaini ya bibi, kopo la maziwa lililokuwa chini ya kitanda chake lilifunguliwa mbele ya ndugu, nyumbani Tingi, pembeni mwa barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Ndani hamkuwa na noti hata moja. Zilikuwamo sarafu 37, nyingine zenye tundu katikati, nyingine nyeusi kama mkaa.

Warithi walikuwa watatu, na waliokuwepo hawakutimia. Dada mkubwa anaishi hapo Tingi. Kaka yuko Mbagala, na mdogo wao yuko Muscat. Habari zilisambaa kabla hata mkeka haujakunjwa, na kesho yake akatokea mnunuzi akiuliza "hela za Mjerumani". Alitaka kopo zima kwa bei moja, tena alitaka jibu ndani ya wiki.

Dada akapiga picha kwa simu yake na kuzituma kwenye kundi la familia. Kaka akajibu: "Dada, hii ni sarafu au kifungo cha koti?" Mdogo mtu hakutania. Aliuliza kwa nini picha ziko 31 wakati sarafu zimehesabiwa 37. Kwa kweli sita zilikuwa zimefutwa kwa sababu hazikuonekana kitu, ila swali lilikuwa limeshauma. Mzazi yeyote aliyewahi kusimamia mirathi anajua maneno ya namna hiyo yanavyoweza kukua.

Aliyeleta wazo la kamera ni kijana wa dada, mwanafunzi wa kidato cha pili. "Mama, simu hii haioni karibu. Ukiisogeza, inapoteza." Alikuwa sahihi. Simu nyingi za bei ya chini hushindwa kulenga kitu kilicho chini ya sentimita nane au kumi kutoka kwenye lenzi, na sarafu yenye upana wa sentimita mbili, ukiwa mbali hivyo, hubaki kidoa katikati ya picha. Kabla ya kutoa hela, jaribu kwanza kurudisha simu nyuma kidogo, kuvuta picha mara mbili na kuiegemeza mahali isitikisike. Baadhi ya simu hutosha kwa njia hiyo. Ya dada haikutosha.

Hela ilikuwepo kidogo, ya ufuta, na ilikuwa na kazi zake. Kamera mpya haikuzungumzwa kabisa. Mpiga picha za paspoti mmoja wa Kilwa Masoko alikuwa na kamera ndogo ya dijiti, ile ya kutia mfukoni, ambayo hakuitumia tena. Kamera za aina hii zimepoteza soko tangu simu zilipoingia, kwa hiyo ukiikuta nzima, muuzaji ndiye mwenye haraka.

Wengi wakifika dukani huuliza kwanza idadi ya megapikseli. Kwa sarafu, hilo si la kwanza. Megapikseli 10 au 12 zinatosha kwa picha itakayotazamwa kwenye simu. La kwanza ni alama ya ua dogo kwenye kitufe au kwenye kioo cha kamera. Hiyo ndiyo inayoiruhusu kamera kulenga kitu cha karibu. Kijana alitoa sarafu ya shilingi 200, ile ya Mzee Karume, akaiweka mezani, akawasha ua, akapiga, kisha akaikuza picha kwenye kioo. Mwaka ulisomeka. Kamera ambayo mwaka hausomeki, irudishe, hata kama muuzaji ataapa.

Kuna mtego mmoja. Baadhi ya kamera hujisifu kwamba hulenga hata kwa sentimita moja. Inasikika vizuri, lakini lenzi ikiwa karibu kiasi hicho huziba mwanga, na sarafu inabaki kwenye kivuli. Tena kamera nyingi ndogo hulenga karibu pale tu ambapo hujavuta zumu. Ukivuta, inakubidi urudi nyuma. Basi mbele ya muuzaji jaribu umbali wa sentimita tano, kisha kumi, uone picha ipi ni safi. Angalia pia betri kama inashika chaji, na kama kadi yake ya kumbukumbu bado inapatikana madukani, kwa maana kamera za zamani sana zina kadi ambazo sasa ni shida kuzipata.

Stendi ya miguu mitatu haikununuliwa. Kijana alipanga madaftari marundo mawili, akaacha nafasi katikati, kamera ikalala juu yake ikitazama chini. Akatega ijipige yenyewe baada ya sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Flashi ilizimwa, kwa sababu kwenye chuma huacha doa jeupe tu. Mwanga ulitoka dirishani asubuhi, ukipita upande, na maandishi yaliyolika yakainuka kwa vivuli vyake.

Shangazi alikuwa ameshaandaa ndimu na majivu ili sarafu "zipendeze". Akazuiwa mlangoni. Sarafu ya zamani iliyosuguliwa hupoteza thamani, na alama zikishatoka hazirudi.

Alama hizo ndizo zenye habari. Heller za Mjerumani zilianza mwaka 1904, na herufi ndogo kwenye sarafu huonyesha ilikotengenezwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora, ambako Wajerumani walitengeneza sarafu mwaka 1916 vita vikiwa vimewabana. Mnunuzi anayetaka kopo zima huenda anaitafuta herufi moja tu.

Picha ya 29 haikuwa na herufi hizo. Ilikuwa shaba nyembamba yenye maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, bila mwaka. Masultani wa Kilwa Kisiwani walitengeneza sarafu za shaba za namna hiyo karne nyingi kabla ya Mjerumani, jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakiwa na vina. Nyingi zina jina la Ali bin al-Hasan. Tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Kaka wa Mbagala alikaa muda mrefu bila kujibu. Kisha akapiga simu. "Dada, hiyo msiiuze. Na nisamehe kwa maneno ya juzi."

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu nchini kabla ya mwaka 1863, na anayevigundua anatakiwa kutoa taarifa. Familia ikakubaliana picha ya 29 ipelekwe kwa wahusika wa mambo ya kale kabla sarafu yenyewe haijasogezwa popote.

Zilizobaki 36 zimepewa namba, picha ya mbele na ya nyuma, na warithi wote watatu wana nakala. Mnunuzi alirudi Ijumaa. Dada alimkaribisha chai, akamwonyesha picha kwenye simu, na kumwambia ataje bei ya moja moja.