Mashine hupunguza nguvu, umbali huongezeka

Chukua gunia la kahawa la kilo 60 linalosubiri kupakiwa kwenye lori pale Kagondo, wilayani Muleba. Uzito wake ni kama niutoni 600. Kulinyanyua wima mpaka kwenye bodi lenye kimo cha mita 1 kunahitaji nguvu hiyo yote, na mgongo wa mpakiaji ndio unaoumia. Sasa egemeza ubao wa mita 3 kwenye bodi hilo, ulisukume gunia juu yake. Tukiacha msuguano kwanza, niutoni 200 zinatosha.

Ubao huo ni mashine. Hauna injini wala hautumii mafuta, lakini wanafizikia wanauita mteremko na kuuweka katika kundi la mashine rahisi pamoja na wenzo, roda, kabari, parafujo, na gurudumu na ekseli.

Je, kazi imepungua? Hapana. Katika fizikia, kazi ni nguvu mara umbali. Niutoni 600 kwa mita 1 ni jouli 600. Niutoni 200 kwa mita 3 ni jouli 600 zilezile. Nguvu imepungua mara tatu, umbali umeongezeka mara tatu. Galileo alilieleza jambo hili karibu mwaka 1600: hakuna mashine inayozalisha kazi kutoka hewani.

Toroli la shambani linafuata sheria hiyohiyo. Ekseli ya gurudumu ni egemeo, mzigo uko katikati, mikono iko mwishoni. Huo ni wenzo wa daraja la pili. Mzigo ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye ekseli na vishikio sentimita 120, mikono hubeba theluthi moja tu ya mzigo. Lakini ili mzigo uinuke sentimita 10, vishikio lazima viinuke sentimita 30. Kadiri mzigo unavyokaribia gurudumu, ndivyo mikono inavyobeba kidogo zaidi, ndiyo maana mikungu ya ndizi inafaa kupangwa karibu nalo.

Baiskeli hufanya kinyume. Ikiwa gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma 20, mzunguko mmoja wa pedeli huupeleka mguu mwendo wa mita 1 hivi, na baiskeli husogea zaidi ya mita 5. Umepata umbali, umetoa nguvu: inayofika barabarani ni kama moja ya tano tu ya ile ya mguu. Tambarare inatosha. Kwenye vilima kati ya Muleba na Bukoba haitoshi, na mwenye mikungu hushuka akasukuma.

Msuguano nao hudai sehemu yake. Ikiwa ubao wetu umekwaruzika na unahitaji niutoni 300, umefanya kazi ya jouli 900 ili upate 600. Ufanisi ni asilimia 67. Kuulainisha ubao, kutia grisi kwenye ekseli na kujaza upepo kwenye tairi hurudisha nguvu inayopotea bure.

Walimu wa sayansi wanaweza kuyafundisha haya bila maabara: ubao, kamba, futi na mizani ya springi vinatosha. Mwanafunzi akipima mwenyewe, atajua kuchagua: panapohitajika nguvu, akubali mwendo mrefu, panapohitajika mwendo, aandae nguvu. Mkulima anayebeba mavuno yake mwenyewe anastahili elimu hiyo kabla mgongo haujachoka.