Daraja la usafi libandikwe mlangoni

Ingia hoteli yoyote ya ugali na matumbo karibu na steji jijini Nakuru, kisha utazame ukutani nyuma ya keshia. Utaona leseni ya biashara ya kaunti na pengine vyeti vya afya vya wapishi, vinavyopaswa kufanywa upya kila baada ya miezi 6. Karatasi hizo zinaonyesha kuwa ada imelipwa na wapishi wamepimwa. Hali ya jikoni siku bwana afya alipokagua haijaandikwa popote mteja anapoweza kuisoma.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Kwa hiyo Bunge la Kaunti ya Nakuru linaweza kutunga sheria ya kuzipa hoteli madaraja ya usafi. Hata hivyo, uwezo huo una mpaka. Kifungu cha 191 kinasema sheria ya kitaifa itatangulia ya kaunti panapohitajika viwango sawa nchini kote, au kaunti inapochukua hatua zisizofaa.

Mpaka huo una maana. Dereva wa lori hula Naivasha, akanywa chai Salgaa na kulala Eldoret. Daraja la kwanza likimaanisha hivi Nakuru na vile Uasin Gishu, litampotosha. Nyota zinazotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii nazo zinamfaa mgeni wa Ziwa Nakuru. Kwa mla githeri kibandani hazina msaada.

Wenye vibanda wana hofu ya haki: daraja linaweza kugeuka chambo cha hongo, na siku moja mbaya ikawafungia riziki. New York, inayobandika herufi milangoni tangu 2010, humrudia aliyekosa A na kumkagua upya kabla ya kumpa daraja. Nasi tufanye hivyo, na vigezo vichapishwe kwa Kiswahili.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kupata habari na ya kulindwa afya yake. Serikali ya kitaifa iweke kipimo kimoja, kaunti ikague na kubandika matokeo. Wabunge wa kaunti wa Nakuru, anzeni. Msingoje kipindupindu kiwakumbushe.