Mabamba zaidi ya springi hayaongezi nguvu za breki

WAMILIKI wengi wa pikapu na malori madogo mjini Mombasa, pindi waonapo sehemu ya nyuma ya gari ikilala kwa uzito wa mzigo, huwa na dawa moja: kulipeleka kwa fundi liongezewe mabamba ya springi. Gari hurejea kusimama sawasawa, na mwenyewe hushika njia akiamini kwamba sasa linaweza kubeba zaidi na kuvuta trela kubwa zaidi.

Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Kazi ya springi ni kushikilia mwili wa gari juu ya ekseli na kupunguza mtikisiko. Haisimamishi gari, haiongozi usukani, wala haizipunguzii tairi uzito hata kilo moja. Isitoshe, katika pikapu nyingi springi ngumu huweza kuzipunguzia breki za nyuma nguvu bila dereva kufahamu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

KISIWA NA MIZIGO YAKE

Hitaji lenyewe si la kudharauliwa. Shehena nyingi inayouzwa katika Kisiwa cha Mombasa husafirishwa kwa magari madogo. Lori kubwa haliwezi kupita katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambavyo vilijengwa kwa ajili ya waendao kwa miguu na wanyama wa mizigo. Kwa hiyo bidhaa za maduka ya Ndia Kuu, Kibokoni na Marikiti hupakiwa kwenye pikapu, au hukokotwa kwa mikokoteni ambayo haina springi kabisa.

Kwa upande mwingine, wapo wavuvi na wenye mashua wanaovuta vyombo vyao kwa trela hadi kwenye fukwe, na mafundi wa ujenzi wanaovuta mitambo ya kuchanganyia saruji na jenereta. Anayekwenda kusini huvuka kwa feri ya Likoni. Maji ya bamvua yanapokupwa, mteremko wa kuingilia chomboni huwa mkali, na pikapu iliyolala nyuma huku ikivuta trela huweza kukwangua sakafu kwa kiungo chake. Si ajabu basi kwamba wengi hukimbilia kuinua sehemu ya nyuma.

SPRINGI YENYEWE

Springi inayozungumziwa hapa, ambayo baadhi ya watu huiita kamani, ni mkusanyiko wa mabamba ya feleji yaliyopindwa kama upinde na kupangwa kuanzia refu hadi fupi. Bolti moja huyashika katikati, na bolti zenye umbo la herufi U huyafunga kwenye ekseli. Ncha moja ya bamba kuu hufungwa kwenye fremu kwa pini na bushi. Ncha ya pili hufungwa kwenye kipande kinachobembea, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa na mzigo.

Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mabamba, upana wake, urefu wake na unene wake. Idadi huongeza ugumu kwa kipimo cha kawaida: springi ya mabamba matano ikiongezewa la sita lenye vipimo vilevile, ugumu huongezeka kwa takriban moja kwa tano. Unene, hata hivyo, una hesabu kali zaidi, kwa kuwa ugumu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Bamba la milimita 10 lina ugumu unaokaribia mara mbili ya bamba la milimita 8 lenye urefu na upana sawa. Fundi anayechomeka bamba lolote alilolipata kwenye gari bovu huenda akaongeza ugumu maradufu pale alipokusudia kuongeza kidogo tu.

Matokeo yake huonekana gari likiwa tupu. Magurudumu ya nyuma hurukaruka kwenye matuta na mashimo, tairi hupoteza mshiko, na mtetemo wote huishia kwenye fremu, kwenye bodi na kwenye mgongo wa dereva. Ndiyo maana watengenezaji wengi huweka springi saidizi, yaani bamba nene lisilofanya kazi gari likiwa tupu, ambalo hugusana na mengine mzigo unapofika kiwango fulani. Kwa gari ambalo leo limejaa na kesho ni tupu, mpango huo ni bora kuliko kuongeza mabamba ya kudumu.

TRELA HUBADILISHA HESABU

Mzigo uliopakiwa ndani ya bodi na trela inayoning'inia nyuma haviligusi gari kwa namna moja. Kiungo cha trela kiko nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito unaokikandamiza hufanya kazi kama mtu aliyekalia ncha ya ubao wa pembea: huku unashusha, kule unainua.

Mfano ni pikapu ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni mita 3, na kiungo chake kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Mkono wa trela ukikandamiza kiungo hicho kwa kilo 200, ekseli ya nyuma hupokea kilo 280, nayo ya mbele hupungukiwa na kilo 80. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, na ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Mwenye gari akiongeza mabamba, sehemu ya nyuma huinuka na taa za mbele huacha kumulika mawinguni. Hilo ni jambo jema. Lakini zile kilo 80 hazikurudi mbele. Gari linaonekana limenyooka, ilhali usukani ungali mwepesi vilevile. Kinachoweza kuzirudisha ni kupunguza uzito wa trela au kupanga upya shehena iliyomo.

Kupanga huko nako kuna mipaka yake. Mzigo ukisogezwa nyuma mno, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki na huweza kulipindua gari. Nchini Marekani hushauriwa kwamba uzito unaokandamiza kiungo uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela na shehena yake. Barani Ulaya viwango huwa vya chini zaidi. La kufuata ni kitabu cha gari lenyewe.

BREKI ZINAZODANGANYWA

Pikapu nyingi, hasa zisizo za miaka ya karibuni, zina vali inayogawa nguvu za breki za nyuma kulingana na mzigo. Mkono mdogo huiunganisha vali hiyo na ekseli. Gari likiwa tupu, fremu huwa juu, na vali hupunguza presha ya mafuta ya breki yanayokwenda nyuma, ili magurudumu mepesi yasikwame na gari likaserereka. Gari likipakiwa, fremu hushuka, mkono husogea, na vali huruhusu presha zaidi.

Kwa ufupi, vali hiyo haipimi uzito, inapima kimo. Springi ikiongezewa ugumu, fremu haishuki tena kama zamani hata gari likibeba tani nzima. Vali hudhani gari ni tupu na huendelea kuzinyima breki za nyuma presha, wakati hasa ambapo presha hiyo inahitajika. Dereva huhisi tu kwamba gari linachelewa kusimama, na mara nyingi hulaumu mzigo.

Dawa yake ni kurekebisha mkono wa vali kila springi zinapobadilishwa, kwa kufuata vipimo vya mtengenezaji. Baadhi ya malori na trela zenye breki za upepo zina kifaa cha aina hiyo pia. Magari mapya yanayogawa nguvu za breki kwa mitambo ya kielektroniki hayautegemei mkono huo, lakini hata hayo yana kikomo cha uzito yanaoweza kuusimamisha.

Kikomo hicho ni muhimu zaidi pale penye trela. Gari la tani 2.5 likivuta trela ya tani 1.5, msafara mzima ni tani 4. Kwa mwendo uleule, breki hulazimika kumeza nishati zaidi kwa asilimia 60. Katika mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Mazeras kuelekea Miritini, joto hupanda, pedi hupoteza mshiko na kanyagio hulegea. Kwa pikapu nyingi, watengenezaji hutaja viwango viwili vya kuvuta: kimoja cha trela yenye breki zake, na kingine cha chini sana, mara nyingi kilo 750, cha trela isiyo na breki. Hakuna bamba la springi linaloweza kubadilisha viwango hivyo.

MIZANI HAIDANGANYIKI

Kwa malori makubwa yanayotoka bandari ya Kilindini, kuvuka Makupa na kuelekea bara, suala hili lina upande wa kisheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2013 huweka kikomo cha tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne, tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana na tani 24 kwa tatu zilizofuatana, tairi zikiwa pacha. Uzito wa gari zima pamoja na trela haufai kuzidi tani 56.

Katika kituo cha mizani cha Mariakani hakuna anayepima kimo cha bodi. Lori lililolala na lililonyooka hupewa uzito uleule ikiwa shehena ni ileile. Springi ngumu huficha mzigo machoni pa mwenye lori, si kwenye mizani.

Sheria hiyo ina sababu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyopaswa kubeba tani 10 ikibeba tani 12, uharibifu hauongezeki kwa asilimia 20 bali huzidi mara mbili.

CHUMVI NA MOTO

Mombasa ina adui wa ziada. Hewa yake ina chumvi, na anayeshusha mashua huirudisha trela, na wakati mwingine pikapu yenyewe, hadi majini. Maji hayo hujificha kati ya bamba na bamba. Kutu huchimba vishimo vidogo, na kila kishimo huwa mwanzo wa ufa. Springi hukunjika mara nyingi mno kila siku, kwa hiyo ufa hukua hadi bamba linakatika ghafla, aghalabu kwenye tundu la bolti ya katikati. Kuosha sehemu hiyo kwa maji baridi kila baada ya kazi ya baharini ni kinga rahisi isiyohitaji fundi.

Adui wa pili ni moto wa gesi. Springi iliyochoka huweza kupindwa upya ikiwa baridi, kwa kugongwa au kwa mashine. Baadhi ya watu huipasha moto ili kazi iwe nyepesi. Feleji ya springi hupata unyumbufu wake kiwandani kwa kupashwa moto, kupozwa haraka kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa kiasi. Moto wa gereji huufuta mpangilio huo. Wahunzi wanalijua hilo: hupenda mabamba chakavu kwa kufulia visu na mapanga, na kwao kubadilisha tabia ya chuma kwa moto ndiyo kazi yenyewe. Bamba lililochomwa likirudishwa chini ya gari huonekana zima, lakini hulala upya au huvunjika.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza si gereji bali mlangoni mwa gari, palipo na kibao cha uzito wa juu ulioidhinishwa. Gari lipimwe likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo na trela. Ikiwa uzito umezidi, jibu ni kupunguza mzigo au kutafuta gari kubwa zaidi.

Ikiwa uzito haujazidi na gari bado linalala, huenda springi zimechoka tu. Hilo ni jambo la kawaida kwa magari yaliyotumika ng'ambo, ambayo kanuni za Kenya huruhusu kuingizwa yakiwa hayajazidi umri wa miaka 8. Kuweka springi mpya za vipimo vya awali mara nyingi hutosha.

Anayeamua kuongeza bamba au springi saidizi aweke za aina moja pande zote mbili, la sivyo gari litainama. Bolti za U ziwe mpya, zikazwe kwa kipimo, na zikaguliwe tena baada ya kilomita mia chache kwani mabamba hujipanga na kulegea. Fundi aibane springi kwa kibano kabla ya kufungua bolti ya katikati, kwa sababu mabamba yaliyobanwa huweza kuruka na kuvunja mkono au taya.

Baada ya hapo zikaguliwe vali ya breki, mwelekeo wa taa na uwezo wa tairi. Magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, na kampuni ya bima huweza kuhoji mabadiliko ambayo haikuarifiwa.

Kabla ya kuingia barabara kuu, gari lijaribiwe mahali pasipo na watu likiwa na mzigo na trela, kwa mwendo mdogo, na dereva akanyage breki hadi lisimame. Likichelewa, kimo kizuri cha bodi yake hakitamsaidia aliye mbele yake.