Tumfunge ngamia kwanza: Matetemeko ya ardhi na nyumba zetu

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, Waislamu wa Kagera walikuwa katika maandalizi ya Iddi ya Kuchinja, iliyokuwa imebakiza siku mbili tu. Saa 9:27 alasiri ardhi ikatikisika. Tetemeko lenye ukubwa wa 5.9, ambalo kitovu chake kilikuwa kaskazini-magharibi mwa mji wa Bukoba, karibu na mpaka wa Uganda, liliua watu zaidi ya 15, likajeruhi mamia na kubomoa maelfu ya nyumba. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Familia nyingi ziliipokea Iddi zikiwa zinalala nje.

Wapo waliodhani kuwa ni mkasa wa mara moja. Sivyo. Afrika Mashariki imekaa juu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo gamba la dunia linapasuka. Upande wa magharibi na upande wa mashariki wa bonde hilo huachana kwa milimita chache kila mwaka, mwendo mdogo kuliko wa kuota kwa kucha. Lakini miamba haiteleziani kwa ulaini. Hung'ang'aniana kwenye nyufa, ikalimbikiza nguvu kwa miaka mingi, kisha huachia ghafla. Mwachio huo ndio tetemeko.

Tawi la magharibi la bonde hupita katika maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, Rukwa na Nyasa. La mashariki hutoka Ethiopia, likapita Kenya, Natron na Manyara hadi maeneo ya Dodoma. Desemba 13, 1910, eneo la Rukwa na Ziwa Tanganyika lilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kurekodiwa barani Afrika. Desemba 5, 2005, lingine la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika. Bukoba yenyewe iko kando ya mstari wa bonde, nalo ni funzo kwamba asiye jirani wa ufa mkuu naye asijione salama.

Siku wala saa ya tetemeko hakuna mtaalamu awezaye kuitaja. Hiyo ni ghaibu. Lakini udhaifu wa ukuta si ghaibu. Fundi anauona kwa macho.

Ni hapa baadhi yetu hukosea, wakasema kuwa kadari haina kinga. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha atawakali. Wengine huwanyooshea kidole waliofikwa, eti wameadhibiwa. Watu hao wakumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) amemhesabu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo kuwa miongoni mwa mashahidi. Wajibu wetu kwa waliofikwa ni dua na msaada, si hukumu.

Kumfunga ngamia ni kufanya nini? Kwa anayejenga, ni msingi imara, saruji isiyopunjwa, kona za kuta zilizoshikana, na mkanda wa zege wenye nondo, yaani linta, unaozunguka nyumba nzima badala ya kukatika juu ya mlango na dirisha. Kuta za tofali za udongo zisizofungwa na kitu ndizo huanguka mapema.

Kwa mama na baba nyumbani, kabati refu lifungwe ukutani, na vitu vizito visiwekwe juu ya vitanda vya watoto. Watoto wafundishwe kuwa ardhi ikitikisika, aliye ndani ajikunje chini ya meza imara na kukinga kichwa, asikimbilie mlangoni tofali zikimdondokea. Aliye nje akae mbali na kuta na nguzo za umeme. Mtikisiko ukikoma, jiko lizimwe na watu watoke, kwani mitikisiko mingine hufuata. Hata aliye katika swala anaruhusiwa kuikata ili kuokoa nafsi.

Watoto wetu huhifadhi Suratu Zilzala wakiwa wadogo, nayo huwakumbusha Kiyama. Ni vyema. Lakini wanaihifadhi wakiwa wameketi chini ya kuta ambazo sisi wazazi ndio tulizozijenga. Basi kamati za misikiti na madrasa, kabla ya kuchangisha fedha za mnara au rangi mpya, zimwite fundi mwaminifu azikague kuta hizo.