Kusaidiana Katika Makundi ya Simu: Utafiti Ufanyweje Jinja na Mbale?

Katika majiji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, makundi ya WhatsApp yamekuwa mahali ambapo habari za msiba, ugonjwa na ada za shule huwafikia ndugu, majirani na waliosoma pamoja, na ambapo ahadi za michango huorodheshwa jina baada ya jina. Mtafiti anayetaka kujua jinsi wanachama wanavyosaidiana hana budi kwanza kueleza msaada ni kitu gani na utatambuliwaje.

Mwaka 1981 mwanasosiolojia wa Marekani, James House, aliugawa msaada katika aina nne: wa kihisia, yaani faraja na kusikilizwa; wa vitendo, yaani fedha, vitu na nguvu kazi; wa taarifa, yaani ushauri na maelekezo; na wa tathmini, yaani maneno yanayomwezesha mtu kujipima na kujua amefikia wapi. Mgawanyo huo humsaidia mtafiti kuupanga kila ujumbe penye aina yake, ingawa ujumbe wa pole unaoambatana na taarifa ya mchango hubeba aina mbili kwa pamoja, na aina ya pili haithibitiki kwa kusoma kundi peke yake, kwa sababu fedha hupitia huduma za pesa za simu, zilizoanza nchini Uganda mwaka 2009, na kumfikia mweka hazina au mfiwa mwenyewe.

Aidha, kusaidiana huko hakukuzaliwa na intaneti. Vyama vya kuzikana, ambavyo kwa Kiganda huitwa munno mukabi, vilikuwa na daftari la wanachama na taratibu za michango kabla ya simu za mkononi. Nalo shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake na ambalo lina vituo Jinja na Mbale, lilijengwa juu ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi kufarijiana wao kwa wao. Kwa hiyo, mtafiti anayelichukulia kundi la simu kama jamii iliyojitenga, bila kuuliza wanachama wake hukutana wapi ana kwa ana, huona nusu tu ya jambo.

Ukimya nao unahitaji kufasiriwa kwa uangalifu. Kuanzia Julai 2018 mtumiaji wa mitandao ya kijamii nchini Uganda alitozwa shilingi 200 kwa siku, na mwaka 2021 tozo hiyo ikabadilishwa kuwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Hivyo asiyejibu huenda amekosa kifurushi, au anatumia simu isiyopokea WhatsApp, na wakati huohuo yumo jikoni kwa mfiwa akipika. Kuhesabu ujumbe pekee kungemweka mtu huyo miongoni mwa wasiosaidia, ilhali mahojiano ya ana kwa ana, yakifanywa kwa Kisoga, Kigisu au lugha nyingine ambayo mhojiwa anaimudu, yangeonyesha mchango wake.

Lililo zito zaidi ni idhini. Ujumbe wa WhatsApp husomwa na walio ndani ya kundi tu, na ruhusa ya msimamizi si ruhusa ya kila mwanachama. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka mtu aridhie taarifa zake zikusanywe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, na huzipa taarifa za afya uzito wa pekee. Kuficha jina hakutoshi, kwani katika mji ambamo watu wanafahamiana, sentensi moja iliyonukuliwa kama ilivyo inaweza kumtambulisha mgonjwa.

Utafiti wa kuaminika, basi, ni ule unaosoma ujumbe kwa idhini, ukaufuatilia msaada mpaka nyumbani kwa aliyeuhitaji, kisha ukawarudishia wanachama matokeo wayahakiki kabla hayajachapishwa, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni ahadi ipi ilitimizwa na ipi iliishia kwenye orodha.